Wameshusha presha ya mgonjwa wa kiharusi kabla ya kupiga picha ya kichwa: chumba cha dharura cha hospitali binafsi moja, Unguja

Jina siitaji, wenyewe watajijua. Naanza na jema, maana hasira ikipanda nitalisahau. Machela ilikuja hadi getini bila mtu kuulizwa pesa, na sukari ya kidole ilipimwa pale pale mlangoni. Hilo si jambo dogo. Sukari ikianguka sana, mtu anaweza kulegea upande mmoja na mdomo ukapinda, kila mtu akasema kiharusi, kumbe akipewa glukosi anakaa kitako. Kwa mgonjwa wetu sukari ilikuwa sawa. Wakaandika. Hongera zao.

Baada ya hapo, mtihani mtupu.

Mgonjwa ni bibi wa jirani, presha anayo miaka mingi. Kaswali Isha, kalala mzima. Alfajiri kakutwa uso na mkono wa kulia umelegea, mguu una nafuu, anafahamu anachoambiwa lakini maneno hayatoki. (Nyumba ile, nashukuru, hakuna aliyezungumzia upepo mbaya, walitafuta gari moja kwa moja.) Anayeijua mishipa ya ubongo hapo ameshaelewa: ateri ya kati (mshipa unaopeleka damu) ya upande wa kushoto wa ubongo, ule unaoongoza mkono wa kulia. Mguu hulishwa zaidi na ateri ya mbele, ndiyo maana ulikuwa na afadhali. Ila dalili hazisemi kama mshipa umeziba au umepasuka. Hilo linasemwa na CT, mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Damu iliyovuja huonekana nyeupe tangu mwanzo. Mshipa ulioziba unaweza kutoa picha safi kabisa saa za awali, na hiyo isimdanganye mtu akadhani hakuna kitu.

Sasa mashine ikasoma 192 kwa 104. Nesi kaona namba, kashtuka, katoa kapsuli ya nifedipini, dawa ya kushusha presha, kaitoboa kwa ncha ya sindano na kuyaminya yale maji ya manjano chini ya ulimi. Kabla ya picha. Kabla ya daktari. Kabla hata ya kujua kama bibi anaweza kumeza, na mtu wa kiharusi hapewi kitu mdomoni, hata maji, mpaka ajaribiwe kwa kijiko akiwa amekaa wima, maana kikienda njia ya hewa kinaishia kwenye mapafu.

Nikamwambia, "Sista, presha hiyo isiguswe kwanza." Kanijibu bila kunitazama: "Sheikh, subiri nje, kazi tuachie wenyewe. Au unataka apasuke?"

Apasuke! Ubongo ni kiasi cha 2 kwa mia tu ya uzito wa mwili, lakini unachukua 15 hadi 20 kwa mia ya damu inayotoka moyoni, na akiba hauna. Mishipa yake ikiwa mizima hujibana na kujitanua, damu ikafika kiwango kile kile presha ikipanda au ikishuka. Nyuma ya bonge la damu lililoziba, mishipa imeshajitanua hadi mwisho. Kinachoisukuma damu kupitia vijia vya pembeni ni presha peke yake. Kwa kawaida ubongo hupata mililita 50 hivi kwa kila gramu 100 kwa dakika. Chini ya 20 seli hunyamaza, chini ya 10 zinakufa. Pembeni ya sehemu iliyokufa kuna eneo lililonyamaza tu, linasubiri. Punguza presha, na eneo hilo ni mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa Michenzani siku pampu imelegea: wa chini wanaoga, bomba lake linakoroma.

 

Ndiyo maana utaratibu unaanza na picha. Ikiwa ni mshipa ulioziba na mgonjwa hapati sindano ya kuyeyusha bonge, presha huachwa mpaka ivuke 220 kwa 120, na hata hapo hushushwa kidogo kidogo, kama 15 kwa mia katika siku ya kwanza. Akipata sindano, iwe chini ya 185 kwa 110 kabla ya kudungwa. Ikiwa ni damu iliyovuja, hapo ndipo inashushwa mapema, kuelekea 140, kwa dawa ya mshipani unayoweza kuipunguza. Kapsuli ya chini ya ulimi haina breki. Ikishaingia, inakwenda inakotaka.

Ilikotaka ni 116 kwa 68. Mkono uliokuwa ukiinuka na kudondoka taratibu ukalala kabisa. Nesi kaja na kalamu, uso unang'ara: "Imekaa sawa, alhamdulillah."

Wallahi nilitoka nje mwenyewe.

Fundi wa CT, Mungu amlipe: kavua hereni za bibi kwa upole, kazifunga kwenye kitambaa, kila hatua anamwambia kabla ya kumgusa. Picha haikuonyesha damu. Daktari wa zamu aliposhuka, swali lake la kwanza likawa mara ya mwisho kuonekana mzima ni saa ngapi. Isha. Saa huhesabiwa tangu hapo, si tangu alipokutwa, na sindano ile kwa kawaida ina muda wa saa nne na nusu tu. Umepita. Kwa hiyo presha yake mwenyewe ndiyo ilikuwa kinga iliyobaki, na ndiyo waliyoivunja! Daktari kalaza kitanda, katundika dripu ya chumvi, ya sukari kaikataa, kajaribu kumeza kwa kijiko ndipo akatoa aspirini miligramu 300. Presha ikapanda tena na mkono ukaanza kuinuka, ingawa si kama alivyofika nao.

Kwa haki, bonge lenyewe lingeweza kufanya yale yale bila kapsuli. Siwezi kuapa. Na daktari yule ningempelekea mzazi wangu. Basi nyota tatu: mbili zake, moja ya fundi. Mkienda, simameni kando ya kitanda mdai picha kwanza, hata mkiambiwa mtoke.

Hapa naandika huku risiti iko mbele yangu, na mstari wa nne umeandikwa: nifedipini, kapsuli 1. Wameitoza. Basi zile tatu nazifuta: nyota moja.