Wikendi ya maporomoko: Sheldrick au Thomson's?

Wikendi ndefu ikikaribia, wapenzi wanaoishi Mombasa huanza ubishi huu: waende maporomoko ya maji ya Sheldrick, kule Kwale, au ya Thomson's, kule Nyahururu?

Kwa safari, Sheldrick yashinda kabla hamjafunga begi. Mwavuka feri ya Likoni, mwashika njia ya Kwale, na asubuhi hiyohiyo mko Shimba Hills. Nyahururu ni treni ya SGR hadi Nairobi, saa tano hivi, kisha matatu tena. Siku nzima imeliwa, na nauli ya watu wawili si mchezo.

Kwa ukubwa, Thomson's haina mpinzani: maji ya Ewaso Narok huanguka mita zipatazo 74, na ukishuka hadi chini rasharasha zakulowesha. Sheldrick ni mita 21 tu, lakini mnateremka msituni na askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), mkifika mnavua viatu mnaingia majini. Kurudi ni kupanda, mtahema. Mkibahatika mtamwona palahala, aina ya swala.

Nyahururu iko juu ya mita 2,300, kwa hivyo leso haitoshi, bebeni makoti. (Kuna wanaoifuata baridi yenyewe.)

Mwenye Jumamosi na Jumapili pekee aende Kwale. Mliopata siku nne na mfuko umetuna, kateni tikiti ya treni mapema.