Kontroli boksi: la mtumba au jipya?

Kontroli boksi (kompyuta ya injini) likifa, gereji nyingi Dodoma hukimbilia la mtumba. Bei ina nafuu, ila ukilichomeka hivihivi mara nyingi gari haliwaki: imobilaiza (kinga ya wizi) haiutambui ufunguo. Fundi ahamishe data kutoka boksi la zamani, na kama chipu yake ya kumbukumbu imeungua, kazi ipo.

Jipya kwa kawaida huhitaji programu ya mtengenezaji, ya kulipia, kupitia kifaa cha J2534, kinachounganisha kompyuta ya fundi na gari. Hapo ndipo roho hudunda: volti ikishuka au kompyuta ikizima katikati ya kupakia, boksi linaweza kufia mikononi mwako. Funga saplai tulivu ya volti 13 na ushee kwenye betri, zima taa na feni. Chaja ya kawaida hapana. Mimi, kwa gari la biashara, nachukua jipya. Toyota kuukuu, mtumba unatosha.