Kununua sukari Moshi: bei ya kilo, au bei ya kimfuko?

Mwezi uliopita nilinunua "kilo" ya sukari karibu na soko la Mbuyuni, sh. 3,000, ikiwa imeshafungwa fundo kwenye kimfuko cha nailoni. Iliisha siku mbili kabla ya kawaida. Nikanunua nyingine hapo hapo, nikaipitisha kwa muuza nyama aiweke kwenye mizani: kilo 0.88. Niliporudi kuuliza, nikajibiwa, "Dada, hiyo ndiyo kilo yetu."

Kwa hiyo leo rangi na ukubwa wa chembe tuviache. Kinachotuumiza ni uzito. Chukua bei, gawa kwa uzito wa kweli, upate bei ya gramu 100. Gramu 880 ni mafungu 8.8 ya gramu 100. Sh. 3,000 gawa kwa 8.8 ni kama sh. 341. Maana yake kilo kamili nilikuwa nainunua karibu sh. 3,410!

Kwa hesabu hiyo, chaguo la kwanza kwangu ni mfuko wa kilo 50 wa TPC, kiwanda cha sukari, mkichanga. Mimi ni mpenzi wa sukari ya TPC na sifichi. Sukari inatoka Arusha Chini, hapa hapa kwetu. Tulichanga akina mama watano, sh. 145,000, kila mmoja akapimiwa kilo 10 wote tukiangalia. Gramu 100 ikatoka sh. 290.

Ya pili ni ya kupimiwa mbele yako, sh. 3,100, yaani 310. Tazama stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani, na hakikisha inasoma sifuri kabla sukari haijamiminwa. Ya tatu, pakiti ya kiwandani iliyochapwa uzito: sh. 3,200, yaani 320.

Robo ya sh. 850 inafika 340, chukua ukibanwa tu. Vimfuko vya fundo, hapana.

Mwanzoni mwa 2024, mvua zilipovuruga uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika, tulipanga foleni, tukalipa bei ya juu bila kelele kwa sababu ilisemwa wazi. Hii ya kupunguza gramu 120 kimya kimya inamwibia mama anayepika chai ya watoto sita. Nawaomba wenye maduka: kama bei imepanda, andikeni sh. 3,400 kwenye kibao, mtupe kilo yetu.