Gari la kwanza Nyanda za Juu Kusini: chagua injini kwanza, bodi ifuate

Ukishapata leseni ya daraja D, kila mtu atakwambia chukua Vitz au Passo ya cc 990, inanusa mafuta. Kwa anayeishi Dar es Salaam ushauri huo ni mzuri. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda. Injini ndogo kama hizo ikishapungua hivyo, ukapakia watu wanne na kiroba cha viazi kutoka Uyole kupanda Isyonje, itanguruma tu. Na dereva mpya hugundua upungufu huo akiwa ameshahama upande wake ili alipite lori, mbele basi linashuka.

Kwa hiyo mimi naanza na injini. Ya kutafuta ni 1NZ ya cc 1500 ya Toyota. Inatumia cheni ya taiming, haina mkanda wa kukatika. Haina teknolojia ya kumchanganya fundi, na spea zake zipo Mafiati na Mwanjelwa hapa Mbeya, hata Makambako na Mafinga hutahangaika. Bahati nzuri imewekwa kwenye magari kadhaa, hivyo unachagua bodi kulingana na maisha yako.

Namba moja kwangu ni IST ya 2002 hadi 2007. Fungua boneti usome kibati: NCP61 ni cc 1500, NCP65 ni cc 1500 inayovuta magurudumu yote manne, NCP60 ni cc 1300. Kwa nje zinafanana, na dalali hatakukumbusha tofauti. Ni fupi, kioo cha nyuma kinaonyesha vizuri, kuipaki pale Kabwe hakukusumbui, na ukitaka kuiuza mnunuzi hupatikana haraka. Aliyeko Makete, Ludewa au vijiji vya Rungwe ambako mvua haitaki kukatika, atafute NCP65 hata kama itamchukua muda kuipata.

Ya pili ni Probox au Succeed. Watu huidharau kwa sura, lakini mwenye duka au shamba hana gari bora zaidi kwa bei yake. Tatizo ni kwamba nyingi zimebeba abiria na mizigo kupita kiasi. Lala chini uangalie bushi, shokapu na sehemu za nyuma zilizochomelewa. Ikiwa imechomelewa, achana nayo.

Premio na Allion za NZT240 naziweka nafasi ya tatu. Zimetulia barabarani, na kwa anayekwenda Iringa au Tunduma mara kwa mara zinapendeza kuliko IST. Ila ziko chini, barabara ya vumbi yenye mawe itagonga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Usichukue AZT240: hiyo ni cc 2000 ya D4, yenye pampu ya presha kubwa inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Ukiijaza mafuta machafu ya madumu, bili yake utaihisi.

RAV4 ndiyo wengi huiota, na ndiyo ninayoionea wasiwasi. Zile za 2000 hadi 2005 kutoka Japani, ya cc 1800 huvuta kwa magurudumu ya mbele pekee, na yenye 4WD, yaani ya kuvuta magurudumu yote manne, ni cc 2000 ya D4. Yaani unalipa bei ya gari la tope, unapata gari la lami lililoinuka tu, au unapata 4WD pamoja na ile pampu. Subaru za turbo hazisumbuliwi na mwinuko, lakini ulaji wake wa mafuta na gharama za ufundi si za mtu anayeanza. Vitz na Passo zinabaki mwisho, zikimfaa yule ambaye safari zake zinaishia Soweto na Mwanjelwa.

Sasa kulijaribu. Nenda asubuhi na mapema kabla muuzaji hajaliwasha, uguse boneti; liwe la baridi kabisa. Funua rejeta: ukikuta maji yenye kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), jua lilishawahi kuchemsha au litachemsha. Kisha panda nalo mlima, halafu ushuke. Kushuka ndiko muhimu. Mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, Inyala, na Kitonga kwa watu wa Iringa, hutakiwi kuuteremka kwa breki tupu, maana breki zikipata moto sana hazishiki. Weka gia 2 au L, au B kwa zile zenye CVT (gia otomatiki isiyo na hatua), na usikie injini ikilizuia gari. Kama gia inashtuka, inachelewa kuingia au haizuii, ondoka. Kanyaga pia breki ya nguvu mahali pasipo na gari. Stelingi isivute upande. Taa za ukungu ziwake, kwa sababu Njombe na Mufindi utazihitaji.

Huku kwetu karibu na Tunduma kuna hatari ya ziada. Barabara yetu hupitisha magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini kwenda Zambia na Kongo, na mara nyingine mtu anakuletea moja kwa bei ya kutupwa. Halijalipiwa ushuru nchini. Likikamatwa unapoteza gari na hela pamoja. Kadi iwe na jina la anayekuuzia, namba ya chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, deni la faini za trafiki likaguliwe kwa namba ya gari, na bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.

Usimalize hela yote kwenye bei. Bakiza ya kubadilisha umiliki TRA, oili na filta, matairi manne mazuri, na bima kubwa kwa mwaka wa kwanza kama unaweza, kwani bima ndogo hulipa hasara uliyomsababishia mwenzako na gari lako linabaki juu yako.