Mbio za magari za kuzidisha: nimeujaribu mchezo huu na watoto wa Tororo

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni sana. Leo niko Tororo, mashariki mwa Uganda, nimekaa barazani kwangu, na hizo sauti mnazosikia nyuma ni za watoto sita wa P.5 na P.6, yaani darasa la tano na la sita la shule ya msingi. Sikuwanyamazisha makusudi. Wanagombania saba mara nane, na katika miaka yote ya kufundisha sijawahi kuona watoto wakiigombania saba mara nane.

Mchezo tunaouchambua unaitwa Grand Prix Multiplication, uko kwenye tovuti ya Arcademics. Huhitaji kupakua kitu. Unafungua kwenye simu au kompyuta, unaandika jina la kuchezea, unachagua gari, unaingia barabarani. Magari ni manne. Swali linatokea pamoja na majibu manne ya kuchagua; ukigusa lililo sahihi gari linachomoka, ukikosea linapunguza mwendo na wenzako wanakupita. Hakuna usukani wala breki. Kinachosukuma gari ni kujua jibu, basi. Maneno ni ya Kiingereza lakini ni machache mno, na namba hazina lugha, kwa hiyo hata mtoto anayesoma kwa kusuasua anaelewa ndani ya dakika moja.

Kwa nini nimehangaika nao? Ninafundisha watoto wa mtaani hapa kila Jumamosi, na ugonjwa ninaokutana nao ni uleule. Mtoto anajua kabisa namna ya kutafuta eneo la mstatili, lakini akifika kwenye kumi na mbili mara nane anakwama, anaanza kuchora vijiti pembeni ya daftari, na akimaliza vijiti ameshasahau alikuwa anatafuta nini. Sasa mfikirie mtoto huyo kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Karatasi ya hesabu ina maswali 32, muda ni saa mbili na nusu, kikokotoo hakiruhusiwi. Vijiti vitamla muda wote.

Halafu kuna woga. Sisi wazazi wengi tulijifunza tebo za kuzidisha kiboko kikiwa mezani. Sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imepiga marufuku kuwachapa shuleni, na nashukuru, lakini woga una njia zake za kurithiwa: mtoto anamsikia mama akisema "mimi hesabu zilinishinda," naye anaamini ni jambo la ukoo. Na wako wale ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaanza shule zilipofungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa Januari 2022. Miaka ile ya kuimba tebo darasani iliwapita wakiwa nyumbani.

Sasa njooni niwaonyeshe kitu. Kuna binti mmoja hapa wa P.5, mkimya, swali akiulizwa mbele ya wenzake anaangalia vidole vya miguu. Jumamosi ya kwanza nilimpa simu, akawa wa mwisho. Mbio za pili, wa mwisho. Mbio za tatu nikasogea nyuma yake nikamwangalia mkono. Swali lilikuwa saba mara nane. Kidole chake kilienda kwenye 54, kikasimama hewani, midomo ikawa inacheza bila sauti: saba, kumi na nne, ishirini na moja… Alipofika hamsini na sita kidole kikahama. Gari likaruka mbele. Akatabasamu peke yake, hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Alikuwa bado wa mwisho.

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo huu unasaidia wapi na unaweza kuumiza wapi. Mashindano yanampa mtoto hamu ya kujaribu tena, hilo sina shaka nalo. Lakini yule anayeshika mkia kila mara ataizoea nafasi yake kama ilivyo darasani, na safari hii anaonekana kwenye kioo. Mwanzoni nilikosea: nilimpa pipi aliyefika wa kwanza. Ndani ya Jumamosi mbili mshindi alikuwa yuleyule, wengine wakaanza kugusa majibu ovyo wamalize haraka, na vijana wawili wakakunjana mashati. Pipi nikaziondoa. Na nawaomba wazazi, msiweke hela juu ya mbio hizi hata kama ni shilingi mia mbili. Nyumba za kamari tunazo za kutosha kila senta, tusiwafundishe watoto njia ya kwenda huko kupitia tebo.

Jambo lililotuokoa liko mwishoni mwa mchezo wenyewe, na watu wengi wanalifunga bila kulitazama. Mbio zikiisha mchezo unakuonyesha nafasi yako, usahihi wako, kasi yako ya majibu kwa dakika, na maswali uliyoyakosa. Hiyo orodha ya maswali yaliyokosewa ndiyo mali. Sasa kila mtoto ana karatasi yake. Kabla ya kuanza mbio nyingine anaandika aliyoyakosa, na anaandika usahihi wake. Kinachoshangiliwa ni kuipita namba yako ya jana. Binti yetu alipotoka kwenye makosa tisa hadi matano tulimpigia makofi kuliko aliyefika wa kwanza, na yule wa kwanza naye akapiga.

Nikaenda mbele kidogo na hiyo karatasi. Tebo ya moja hadi kumi na mbili ina maswali 144, na mtoto akiliona jedwali lote ukutani anakata tamaa. Lakini saba mara nane na nane mara saba ni kitu kimoja, kwa hiyo yanabaki 78. Ondoa ya moja, ya mbili, ya tano na ya kumi, ambazo karibu kila mtoto anazijua, yanabaki 36. Thelathini na sita tu! Niliwaambia hivyo, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, yaani adui ni hawa tu?" Nikamwambia ndiyo, ni hawa tu, na wewe umeshawashika nusu.

Kuna ujanja waliougundua wenyewe, nao nimeupenda. Kwa sababu majibu ni manne ya kuchagua, wanaangalia tarakimu ya mwisho. Tisa mara saba: tatu lazima iwe mwisho, basi yasiyoishia na tatu yanatupwa. Mwanzo niliona kama ni kuibia. Nikafikiri tena: mtoto anayejua kwamba tisa mara saba haliwezi kuishia na nne tayari anahesabu. Ila majibu ya kuchagua yana hatari yake, maana ukigusa tu bila kufikiri utapata moja kati ya manne. Ndiyo maana nusu saa ya simu naifuatisha na dakika kumi za kuandika kwa penseli, bila majibu ya kuchagua. Hapo hakuna kujificha.

Na muelewane nami: mchezo huu haumfundishi mtoto kuzidisha. Asiyejua kwamba tatu mara nne ni mafungu matatu ya nne nne, mbio zitamchanganya. Huyo mrudishe kwenye maharage na vifuniko vya soda kwanza. Mchezo ni wa kuongeza wepesi kwa anayeelewa tayari. Kwa maoni yangu P.4 hadi P.6 ndiyo umri wake.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Unahitaji intaneti, na kwetu bando si jambo dogo. Mimi nawasha hotspoti ya simu moja, wanaunganisha simu tatu na laptopu moja. Wakiwa wachache, magari yanayobaki yanaendeshwa na kompyuta. Kwa usalama msiwaache waingie kwenye mbio za watu wasiowajua: tengenezeni mbio zenu za faragha zenye neno la siri, na jina la kuchezea lisiwe jina halisi la mtoto. Hapa kwangu kila mmoja amejiita jina la mnyama.

Je, umeme ukikatika? Au una darasa la watoto themanini na simu yako moja? Sogeza kamera hapa chini, tafadhali… hapo. Mnaona chaki kwenye sakafu? Hiyo ni barabara ya miraba ishirini, niliichora siku umeme ulipokatika. Magari ni vifuniko vya soda. Kadi nimezikata kwenye boksi la sabuni, kila kadi ina swali moja kati ya yale 36, na jibu liko nyuma. Mtoto anasomewa swali na mwenzake. Akipata anasogea miraba miwili, akikosa anabaki alipo na analisoma jibu sahihi kwa sauti mara mbili. Gharama ni chaki moja. Na kuna jambo ambalo simu haina: anayemsomea mwenzake swali naye anajifunza, maana anaangalia jibu kila mara. Kama ningekuwa mwalimu mwenye darasa kubwa ningeanza na hii ya sakafuni, na mchezo wa simu ningeuweka kuwa wa Ijumaa.

Kwa hiyo ndiyo, naupendekeza, kwa masharti hayo niliyoyasema.

Kabla sijazima, binti wetu ameniruhusu niwaonyeshe karatasi yake, ila jina nimelifunika. Haya ya juu yaliyokatwa ameshayamaliza. Saba mara nane imekatwa mistari mitatu, alikata kwa hasira. Yamebaki mawili: saba mara kumi na mbili na nane mara kumi na mbili. Anasema ataanza na hiyo ya nane, na ameshashika simu.