Kimizani cha elfu 18 vs aplikesheni ya simu: nimechambua kopo la sarafu za babu

Nyota nne kwa kimizani, nyota moja kwa aplikesheni na hiyo moja ni ya huruma tu.

Iko hivi. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa reli hapa Tanga, alipofariki mwaka jana chini ya kitanda likatoka kopo la Kimbo limejaa hela za zamani mpaka mfuniko haukai, mjomba akasema hapa hakigawiwi kitu mpaka ijulikane kilichomo kina thamani gani, we si ndo unashinda kwenye simu, hebu tuangalizie. Ndo nikabebeshwa kopo. Sarafu 611, nimehesabu mara mbili maana mama mdogo alikuwa ananiangalia vidole.

Nikaanza na aplikesheni, zile unapiga picha sarafu inakutajia jina na bei. Siku tatu bure, baada ya hapo inakata hela kwenye kadi kila wiki, hilo wameliandika kwa herufi za sisimizi. Sarafu ya kwanza kuipiga ni ile ya tundu katikati, senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza. Ikaleta "adimu sana", mamia ya dola. Jamani jasho lilinitoka. Nikamwita mjomba, mjomba akaita na majirani. Kumbe huyo mfalme hata mwaka hakumaliza, aliachia kiti Desemba hiyohiyo ya 1936, zile za Uingereza zenye sura yake ndo hazishikiki, ila hizi zetu za tundu hazina sura, zina jina tu na zilipigwa kwa wingi. Nikachimba kopo, zipo 23. Mjomba akaniuliza taratibu, adimu gani inakaa 23 kwenye kopo la mafuta?

Nikafuta aplikesheni, nikaagiza kimizani Kariakoo, hivi vidogo vya mfukoni kama wanavyotumia masonara, mwisho gramu 200 na kinasoma mpaka pointi mbili. Elfu 18 na nauli ya basi juu. Nikakipeleka kwa sonara mmoja nikalinganisha na cha kwake, tulipishana 0.02 tu. Kwa kazi hii inatosha kabisa.

Kwa nini mizani? Kwa sababu mwaka ulioandikwa kwenye sarafu unaweza kukudanganya mchana kweupe. Mfano ile pesa ya shaba ya Zanzibar, ya Sultan Barghash, yenyewe imechorwa mizani upande mmoja. Mjomba anasoma Kiarabu, akaisoma 1299, akapiga hesabu akatangaza familia ina hela ya miaka mia saba. Mjomba shikamoo, lakini hiyo 1299 ni ya Hijria, sawa na 1882. Na ziko nyingi mno.

Halafu reale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za madini ya fedha zenye sura ya malkia wa Austria, zipo mbili, zote zimeandikwa 1780. Hizo zimeendelea kupigwa na mwaka uleule 1780 mpaka karne hii, kwa hiyo mwaka haukuambii kitu. Ya kweli inatakiwa icheze gramu 28. Ya kwanza ikasoma 28.01, safi. Ya pili kwa macho ni pacha wake kabisa, yule mama kifua mbele, kitambaa kichwani, kila kitu, nikaiweka ikasoma 23.4. Nikaitoa nikairudisha, 23.4. Nikasogeza sumaku ya spika mbovu, ikadaka tap! Na fedha haidakwi na sumaku. Babu naye alipigwa, sijui lini.

Rupia za Mjerumani, zile Kaiser, mfalme wao, kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, zipo tisa. Mpya ilikuwa gramu 11.66 na fedha ndani yake ni karibu asilimia 92. Za babu zinasoma kati ya 11.4 na 11.6, zimelika kidogo kwa mikono ya watu. Akaja dalali, kwanza anauliza eti zinavuta mchele, ule uzushi kwamba rupia za kale zina nguvu za ajabu? Nikamwambia braza hapa hatuvuti mchele tunapika. Akageuza, oh hizi nyepesi, zimechoka, nazichukua kwa jumla. Nikamwekea moja moja kwenye kimizani mbele yake, kimya kimya. Bei ilipanda bila mimi kufungua mdomo.

Shilingi za simba, zile za Afrika Mashariki enzi ya Mwingereza, hapo kimizani hakina la kusema, soma mwaka: mpaka 1946 zina robo fedha, kuanzia 1948 hakuna fedha hata chembe. Tulikuwa nazo zaidi ya mia mbili, na nyingi bila shaka ni za 1948 kuja juu.

Na heller za Tabora (ndo hilohilo neno hela unalolitamka kila siku), heller 20 za 1916 zenye herufi T chini ya mwaka, nazo zilikigomea. Zilipigwa harakaharaka wakati wa vita kwenye karakana ya reli, hii nene ile nyembamba, uzito haulingani. Zipo nne na nadhani babu alizitunza kwa sababu ya reli. Tabora hapohapo ndo walipiga ile dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na mjomba kila asubuhi anapiga simu, "tembo hajatokea?" Hajatokea mjomba.

Kosa langu sasa. Pesa moja ya shaba ya 1890 ya kampuni ya Wajerumani, yenye tai, nikaisugua na ndimu na chumvi ing'ae. Iling'aa kweli, nyekundu kama sufuria mpya, mnunuzi wa Unguja akaitazama sekunde mbili akaiweka pembeni, akasema hii umeiua, akanipa nusu ya alichotoa kwa mwenzake mweusi mchafu. Usisugue. Hata kwa mswaki.

Mabaya ya kimizani: betri hazimo kwenye boksi, feni ikiwashwa namba zinacheza ngoma, na kinajizima kabla hujamaliza kuandika. Mfuniko umelegea wiki ya pili. Aplikesheni hadi leo inanitumia meseji nirudi nipewe punguzo.

Hela zimegawiwa, kila mtu kachukua chake. Kimizani mama mdogo amekihamishia kwenye biashara yake, anapimia iliki na zafarani, nikikitaka naomba.