Flashi ya TB 2 kwa elfu ishirini na tano: wapi uweke nyimbo na filamu zako

Malalamiko ya aina moja yamenifikia kutoka kwa wasomaji tofauti mpaka nimeona nijibu kwa pamoja. Lililoniuma zaidi ni la mama mmoja wa Tanga. Amekusanya taarab maisha yake yote: nyingine alizihamisha kutoka kwenye kanda kwa fundi, nyingine kwenye CD, nyingine ametumiwa na ndugu walioko Muscat. Akanunua flashi Dar, imeandikwa TB 2, bei elfu ishirini na tano. Akatia nyimbo zote humo pamoja na video ya harusi ya binti yake, kisha akafuta zilizokuwa kwenye laptopu ili apate nafasi. Sikukuu ya Idi akachomeka flashi kwenye sabufa. Majina ya nyimbo yote yapo, ukubwa wa kila faili upo, lakini nyimbo zilizolia zilikuwa za folda mbili tatu za mwanzo. Zilizobaki kimya. Harusi haifunguki kabisa.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia kasi, wala rangi ya kasha, wala kama USB ni ya 2 au ya 3. Kupiga wimbo au kuangalia filamu ya kawaida hakuhitaji kasi kubwa. Nitaanza na jambo moja ambalo karibu kila muuzaji analikwepa na karibu kila mnunuzi halikagui: je, ujazo ulioandikwa nje ndio uliomo ndani?

Mchezo wenyewe unavyochezwa

Ndani ya flashi kuna vitu viwili vikubwa: chipu inayohifadhi data, na chipu ndogo inayoisimamia na kuiambia kompyuta "nina nafasi kiasi hiki". Hiyo ndogo inaweza kupangwa iseme uongo. Wanachukua chipu ya GB 8 au 16, mara nyingi ya daraja la chini, wanaipanga itangaze TB 2, yaani GB elfu mbili, wanapiga chapa ya jina lolote kwenye bati, biashara inaanza.

Ukiichomeka kwenye kompyuta unaona TB 2. Muuzaji mwenyewe anakufungulia ukaone. Ukiweka nyimbo ishirini zinalia vizuri, unaondoka umeridhika. Shida inaanza pale data inapopita ile nafasi ya kweli. Kuanzia hapo flashi inaendelea kupokea mafaili bila kulalamika, ila ama inayatupa ama inaandika juu ya yale ya zamani. Orodha ya majina mara nyingi hukaa mwanzoni mwa kumbukumbu, sehemu ambayo ni nzima, ndiyo maana majina yanabaki hata kama nyimbo zenyewe hazipo. Wimbo wa MP3 wa dakika nne, ukiwa na ubora wa 320 kbps, unachukua kama MB 10. Flashi yenye GB 16 za kweli inabeba nyimbo kama 1,600. Mtu anaweza kuitumia mwaka mzima kabla hajafika hapo, na akifika risiti imeshapotea, kama alipewa.

Tusimwonee muuzaji pasipo sababu, maana kuna upungufu mwingine ambao ni halali. Watengenezaji wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Diski ya TB 1 itaonyesha GB 931, na flashi ya GB 64 itaonyesha kama 58 au 59. Hapo hujapigwa.

Kipimo ni kimoja tu: ijaze yote, kisha isome yote. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw. Inaandika mafaili ya majaribio mpaka flashi ijae, halafu inayasoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Kwenye Linux na Mac iko F3. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itakula karibu saa mbili kuandika peke yake, na kusoma ni muda mwingine. Iache usiku ifanye kazi. Fanya hivyo siku uliyonunua, kabla hujaweka hata wimbo mmoja, na usifute chochote kwenye laptopu mpaka majibu yatoke.

Ninavyozipanga

Ya kwanza: diski ngumu ya nje, na mimi ni mtu wa WD (Western Digital). Silifichi hilo. Ninayoipendekeza ni WD Elements, ile nyeusi isiyo na mapambo. Haikulazimishi kuweka nywila wala programu yoyote, unachomeka na kuweka mafaili. Kwa kawaida inakuja imeandaliwa kwa NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili, kwa hiyo haina lile tatizo la mfumo wa zamani wa FAT32 la kukataa faili linalozidi GB 4, ambalo linawasumbua sana wenye filamu za ubora wa juu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: diski ngumu zinazozunguka zinatengenezwa na kampuni tatu tu duniani, WD, Seagate na Toshiba. Ukiona kasha lenye jina jingine, ndani kuna diski ya mmoja wa hao watatu, na swali linakuwa imetoka wapi. Sokoni kuna makasha mapya yaliyovishwa diski zilizong'olewa kwenye laptopu za mtumba. Hapo dawa ipo. Diski ngumu inajiwekea yenyewe hesabu ya saa ilizofanya kazi tangu kiwandani. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inakuonyesha hesabu hiyo kwenye mstari wa "Power On Hours". Diski mpya isome saa chache kabisa. Ikisoma 9,000, umeuziwa iliyotumika zaidi ya mwaka mzima bila kuzimwa. Rudi nayo siku hiyo hiyo.

Kwa nyumba ya kawaida, nunua mbili za TB 1 kuliko moja ya TB 2. Moja inakaa sebuleni karibu na TV, ya pili ina nakala ileile na inakaa kabatini, au bora zaidi kwa dada yako mtaa mwingine. Diski ngumu ikianguka inaweza kufa, na mwizi akiingia sebuleni hachagui. TV nyingine zina tundu la USB lenye umeme mdogo, diski inagonga gonga bila kuzunguka. Jaribu tundu jingine kabla hujailaumu diski.

Ya pili: CD na DVD orijino. Najua vijana watanicheka. Lakini santuri za Siti binti Saad zilirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, zina karibu karne, na bado ziko mikononi mwa wakusanyaji na zinalia. Hakuna aliyehitaji nywila ya mtu kuzisikiliza. CD nazo, zile zilizogandamizwa kiwandani, zinatoa sauti ya 1,411 kbps, zaidi ya mara nne ya MP3 nzuri kabisa, na hakuna anayeweza kuja kuzifuta usiku ukiwa umelala. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa imetoa mfululizo mzima wa CD za taarab na dansi la zamani la pwani yetu. Ukizikuta, nunua.

Zitunze upande ambao watu hawautunzi. Kila mtu anaogopa kuchuna upande unaong'aa, kumbe kwenye CD data iko upande wa juu, chini kidogo tu ya ile picha na maandishi. Upande unaong'aa una plastiki ya zaidi ya milimita moja inayokinga, na mchuno wake unaweza kusuguliwa ukaisha. Mchuno wa upande wa picha unaondoa data yenyewe, na fundi hana la kufanya. Usiandike juu yake kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu, usibandike karatasi. DVD ina nafuu kwa sababu data yake imewekwa katikati ya tabaka mbili za plastiki.

Kujua kama ni orijino, kwa kazi za hapa Tanzania angalia stempu ya kodi ya TRA iliyoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013. Halafu ukifika nyumbani zinakili zote kwenye diski ngumu. Laptopu za siku hizi hazina sehemu ya kuweka CD, kwa hiyo tafuta deki ndogo ya USB mapema. Blu-ray siiweki kwenye orodha. Kwetu deki zake ni za kutafuta kwa tochi, na LG yenyewe imeacha kuzitengeneza mwaka 2024.

Ya tatu: flashi ya jina, GB 64 au chini ya hapo. SanDisk au Kingston. Hii ni ya kubebea nyimbo kwenda kwenye gari au kwenye sherehe. Nakala pekee ya kitu unachokipenda isikae humo hata siku moja. Redio nyingi za gari zinataka FAT32 na nyingine hazisomi zaidi ya GB 32, kwa hiyo kubwa haikusaidii. Majina haya nayo yanaghushiwa, tena ndiyo yanayoghushiwa zaidi, kwa hiyo H2testw iko palepale.

Ya nne: SSD ya nje, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Haiogopi kuanguka kama diski ngumu, ila bei yake kwa kila GB ni kubwa na haipendi kuachwa miaka bila umeme. Na tahadhari: zile zinazouzwa mtandaoni "TB 16" kwa bei ya kutupa, watu wamezifungua wakakuta kadi ndogo ya memori imegundishwa kwa gundi ndani ya kasha tupu.

Ya tano: Spotify, Boomplay, YouTube na wenzao. Nazisikiliza kila siku na sizikatazi. Lakini huo si mkusanyiko wako. Nyimbo ulizopakua Spotify zinakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hazilii. Google Play Music ilifungwa mwaka 2020. UltraViolet, ambayo Wamarekani na Waingereza walihifadhia filamu walizozinunua kwa hela zao, ilifungwa Julai 2019, na mtu ambaye hakuwa ameunganisha filamu zake na duka jingine alizikosa. Tena taarab ya zamani na zilipendwa nyingi zilizoko YouTube zimewekwa na mtu mmoja mwenye mapenzi yake. Siku akifuta chaneli, zimekwenda.

Kadi za memori za machinga na CD tupu za kuchoma: achana nazo.

Kuhusu wauzaji

Hapa nina la moyoni. Ukifika dukani unaulizwa, "Dada, unataka orijino au ya kawaida?" Ukisema orijino, mkono unaingia kwenye droo ileile, inatoka flashi ya mfuko uleule, bei imepanda mara mbili. Nimesimama kwenye kaunta nikaliona kwa macho yangu. Ukiomba kupima unaambiwa unawapotezea muda wateja wengine. Ukirudi kesho yake unaonyeshwa maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Maandishi hayo hayampi mtu ruhusa ya kukuuzia GB 16 akakwambia ni TB 2. Hiyo ni bidhaa bandia, na wenye kazi ya kushughulikia bidhaa bandia ni FCC, Tume ya Ushindani. Dai risiti ya EFD, na iandikwe aina ya bidhaa pamoja na ujazo wake, isiwe "vifaa" tu. Piga picha mfuko wake kabla hujauchana. Piga picha majibu ya H2testw. Muuzaji ambaye anakataa kuandika ujazo kwenye risiti ameshakujibu swali lako, toka nenda duka la pili.

Na bei inasema. Ukiambiwa TB 2 za flashi ni elfu ishirini na tano wakati diski ngumu ya TB 1 ya WD dukani jirani inauzwa mara kadhaa ya hapo, hakuna punguzo linaloweza kueleza pengo hilo. Wanaoumizwa ni walewale waliojinyima kukusanya hiyo elfu ishirini na tano, na wauzaji wanalijua hilo vizuri.

Kama tayari unayo flashi ya namna hiyo

Acha kuiandikia sasa hivi. Usiipimie H2testw ikiwa na nyimbo zako ndani, usiifomati, na usikubali ile ofa ya Windows ya kuirekebisha. Fungua faili moja moja. Kila linalolia au kufunguka lihamishe kwenye kompyuta. Kilichopita nafasi ya kweli hakipo tena, na fundi atakayekwambia atakirudisha kwa laki moja usimpe hiyo laki. Kwenye laptopu ya zamani ambako mafaili yalifutwa kuna matumaini zaidi, hasa kama ina diski ngumu ya kuzunguka na haijatumika sana tangu siku hiyo: izime, usiweke kitu kipya, ipeleke kwa fundi anayejua kurudisha data, na umwambie atumie programu ya Recuva au PhotoRec, matokeo yahifadhiwe kwenye diski nyingine. Mama wa Tanga amerudishiwa folda saba kwa njia hiyo. Video ya harusi bado inatafutwa kwa aliyeipiga.